Picha ya Mama Mkwe

Wanawake wa kikundi cha Terimbere walichagua tovuti yao kwa punje za maharage, na walichagua vizuri. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye walitokea watu wa kudai kwamba wanawake wa Makere hawakuelewa walichoulizwa. Walielewa sana. Walikusanyika Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, wamebanana kwenye madawati ya watoto wao, na mwalimu Godson akaweka laptopu yake juu ya meza, akachomeka modemu, akasubiri mtandao uingie. Ulipoingia kwa kusuasua, akawaonyesha programu tatu za kutengenezea tovuti ndogo.

Ya kwanza ilikuwa ya duka. Ilikuwa na kikapu kilichochorwa pembeni na mahali pa kuandika bei. Mnunuzi anaona chupa ya asali, anabonyeza, anasema anataka kiasi gani. Hiyo ilikuwa ya kulipia kila mwaka. Ya pili ilikuwa ya bure, ila wenye programu walibandika humo matangazo yao wenyewe popote walipopenda, leo ya sabuni, kesho ya wasichana wanaotafuta wachumba. Ya tatu nayo ilikuwa ya bure, lakini kwa wale tu watakaosema kwamba ni masikini. Juu ilikuwa na nafasi ya picha moja kubwa ya uso wa mtu, na chini ya uso huo kitufe chekundu cha kuchangia.

Katika kikundi kile asali hainunuliwi bila kuonjwa, na anayeonja hafungui mdomo mpaka wote wameonja, asije akaharibu ulimi wa mwenzake. Basi hata kompyuta waliionja hivyo hivyo. Kila mmoja alikuja mbele, akagusa alipoelekezwa, akatazama, akarudi kukaa bila neno. Kisha wakapita tena na kutia punje ya maharage katika bakuli la ile waliyoipenda. Bakuli la duka lilijaa. La matangazo lilikuwa tupu, na la kitufe chekundu lilikuwa na punje moja ambayo kila mtu alijua ni ya Godson mwenyewe, ingawa hakuna aliyemwambia apige kura.

"Sisi tunauza," alisema mwenyekiti, Bi Kuruthumu, mwanamke wa maneno machache. "Hatuombi."

Walikuwa wamechoshwa na mnunuzi mmoja wa Kibondo aliyekuja kila msimu na mizani yake mwenyewe, akaondoka na asali yao kwa bei ya maji, huku akiwaambia washukuru. Tovuti ilikuwa njia yao ya kumkwepa. Nyuma ya darasa alikaa Esteri, mke wa Godson, amemleta mumewe kwa watu wa nyumbani kwao, na kifua kilimjaa fahari. Mama yake mzazi, Ntirampeba, alikuwa mfuga nyuki katika kikundi hicho, na mizinga yake ndiyo iliyotoa asali nyeupe ambayo wenzake waliitolea mfano. Esteri aliona siku hiyo kwamba kuolewa na mwalimu wa kutoka Moshi kumewafaa hata wengine.

Maskini Esteri.

Walipanga nyumba Murubona, mjini Kasulu, na Esteri alikuwa na steshenari ndogo karibu na stendi, ya kupiga chapa, kutoa kopi na kupiga picha za paspoti. Godson alifundisha sekondari na aliaminika kwa kompyuta kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuacha lisahaulike. Jioni moja alimwita mkewe aje aone. Programu ya duka, alisema, haifai hata kidogo. Ukifika mahali pa kuchagua nchi ya kupokelea malipo, Tanzania haimo. Akamteremshia orodha nzima, Kenya imo, Afrika Kusini imo, visiwa ambavyo Esteri hakupata kuvisikia vimo.

Ilikuwa kweli, na Esteri alikubali kuwa ni kweli. Akauliza kama basi wasiweke duka lisilo na malipo, picha na bei na namba ya simu ya Bi Kuruthumu, mnunuzi apige mwenyewe. Godson alicheka. Alimweleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwamba hakuna Mzungu atakayepiga simu Makere kuulizia asali. Akasema amwachie yeye, atatafuta njia. Kwa sasa anahitaji picha nzuri ya mfugaji mmoja, na nani mwingine kama mama.

*

Siku ya kupigwa picha Ntirampeba aliamka mapema akaoga, akajipaka mafuta, akavaa imvutano, lile vazi la heshima la kwao la kitambaa chepesi kinachong'aa, kinachofungwa begani. Alilivaa siku ya harusi ya Esteri, na alilivaa mwaka uliopita siku aliyokwenda kupokea cheti chake cha uraia baada ya maisha yote ya kuitwa mkimbizi wa Burundi. Aliweka kigoda mbele ya nyumba, akapanga chupa za asali miguuni pake, akakaa wima.

Godson alimtazama kupitia kamera, akatikisa kichwa. Alimwambia Esteri kwamba nguo ile inarudisha mwanga, kamera inaikataa. Mama akavae tu nguo ya shambani. Na viatu havihitajiki. Na chupa zisogezwe, zinaziba.

Esteri alimwambia mama yake kwa Kiha. Mama aliinua macho kwa bintiye, maana kwa mkwe hakuyainua.

"Mukwe ndiye amesema?"

"Ndiye."

Basi akainuka, akaingia ndani kubadilisha. Kwa watu wa kwao mama mkwe habishani na mkwe. Hali chakula mbele yake, hamwiti kwa jina, hamkatalii neno mbele ya watu, na mkwe naye kwa adabu hiyo hiyo hamwombi jambo la kumdhalilisha. Ni mzigo wa kubebwa na wawili. Godson wa watu alikuwa ameijua nusu moja tu ya desturi hiyo, ile iliyomfaa, na kimya cha mama mkwe alikihesabu kuwa ni ridhaa.

Akamkalisha chini, kwenye vumbi jekundu, katika kitenge kilichopasuka ubavuni. Akamwambia asitabasamu. Esteri alisimama pembeni amekumbatia imvutano ya mama yake ili isichafuke, akasadiki habari ya mwanga. Mtu huamini anachoambiwa na mume wake, hasa mume akiwa ni mwalimu.

*

Mwaka ule Warundi wapya walikuwa wakimiminika kuvuka mpaka, na kambi ya Nyarugusu, ambayo si mbali na Makere, ilikuwa imefurika. Magari meupe yalipita barabarani tangu asubuhi. Bei za vyumba Kasulu zilipanda, na vijana waliojua Kiingereza kidogo wakapata kazi za ukalimani. Kila mtu alikuwa na habari ya mtu aliyepata kitu. Pikipiki ya Godson ilipata matairi mapya, sebule ikapata makochi, na Esteri alipouliza, aliambiwa ni malimbikizo ya mshahara.

Kisha Bi Kuruthumu akaja steshenari. Hakuwahi kufika pale. Alikaa kwenye benchi la wateja, akangoja hadi mteja aliyekuwepo akaondoka, ndipo akatoa simu kubwa aliyoazima kwa mpwa wake na kumpa Esteri. Alisema yeye Kiingereza hakijui, anaomba asomewe.

Kwenye kioo alikuwa mama yake. Amekaa vumbini, peku, mabega yameanguka, macho yanatazama chini kwa sababu mbele yake alisimama mkwe. Chini yake kile kitufe chekundu. Esteri alianza kusoma kwa sauti. Maandishi yalisema kwamba bibi huyu ni mkimbizi aliyekimbia vita mwaka huu. Kwamba hana chakula wala ndugu. Kwamba yeye na wanawake wenzake wa Terimbere wanaokota asali porini ili wasife njaa, na mchango wako mdogo utamnunulia unga.

"Hana ndugu," alirudia Bi Kuruthumu. "Na wewe ni nani?"

Bi Kuruthumu hakupandisha sauti. Alisema kikundi kimekaa, na neno lililosemwa ni kwamba Ntirampeba amekula misaada kwa jina lao. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema kumbe watu hawa hata ukiwapa uraia mkono wa kuomba haushuki. Yeye hakulipenda neno hilo, lakini lilikuwa limeshasemwa. Kwa hiyo asali ya Ntirampeba imewekwa kando, haitapanda mzani wa kikundi, na yeye mwenyewe asije kikaoni mpaka picha ile iondoke.

"Ikiondoka, arudi. Mimi mwenyewe nitamfuata. Isipoondoka, mwanangu, mimi siwezi kuwashika midomo."

Kufukuzwa Terimbere si sawa na kufukuzwa chama cha kuchangiana vikombe. Ntirampeba hakuwa na ukoo Makere, wala kaburi la babu pale. Kikundi ndicho kilikuwa ukoo wake. Wanawake wale ndio waliomwandalia harusi ya binti, ndio waliompigia vigelegele siku ya cheti, na ndio wangemzika.

*

Godson hakukana. Hilo ndilo lililomtisha Esteri zaidi, kwamba hakuona cha kukana. Alikuwa amekaa kwenye kochi jipya, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwani kuna lipi la uongo kubwa hapo. Mama si alikuwa mkimbizi? Mwaka tu ndio ameusogeza. Na programu yenyewe imewekwa hivyo, kuna visanduku vya kujaza: nani anateseka, anateswa na nini, kiasi gani kitamwokoa. Ukiandika kwamba mtu ana mizinga, ana mahindi stoo na ana binti mwenye duka, inakurudisha nyuma ujaze upya. Alilisema hilo kama mtu anayesifia mashine.

Michango ilipitia kwa shemeji yake aliyeko Nairobi, akakata chake, kilichobaki kikaja. Si hela nyingi kama watu wanavyodhani. Na alikusudia, alisema, mwisho wa yote awanunulie wanawake mashine ya kukamulia asali, iwe mshangao.

"Mficha uchi hazai, Mama Obedi," alisema. "Hizi aibu zenu ndizo zinawarudisha nyuma."

Esteri alimtazama mdomo. Alikuwa ameishi na mdomo ule miaka, ameupikia, ameubusu, na sasa aliuona kama kitu kilichoachwa juani kikaoza. Mficha uchi. Uchi aliouonyesha yeye kwa watu haukuwa wake.

"Iondoe," alimwambia.

"Ni picha tu. Huko inakoonekana, nani anamjua?"

Alimwomba tena, akamlilia, akamtajia desturi, akamtajia Mungu. Godson alifunga laptopu na kuishika kwapani, kwa kuwa paswedi ilikuwa yake na alitaka abaki nayo. Usiku huo Esteri alilala chumba cha mtoto wao Obedi, na asubuhi akachelewesha chai. Hayo ndiyo yalikuwa maasi yake yote, na aliyaona jinsi yalivyo madogo, akajichukia nayo.

*

Wageni walifika Makere siku ambayo Esteri alikuwa amekwenda kumpelekea mama yake sukari na kutafuta ujasiri wa kumweleza. Hakuupata kwa wakati. Gari jeupe lilisimama, wakashuka Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, wenye nyuso za wema kabisa, na kijana wa kambini aliyeitwa Ndayiragije aliyekuja kuwatafsiria. Dereva alishusha gunia la unga na mfuko wa mitumba. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua hata kabla vumbi halijatulia.

Ntirampeba alikuwa ametoka kanisani. Alikuwa amevaa vizuri, na viatu miguuni. Aliwasalimu kwa kupiga makofi taratibu, kama wasalimiavyo watu wa pale, akawatandikia mkeka, akaleta asali kwenye kisahani ili waonje. Wageni walitabasamu na kutazama nyuma yake, mlangoni, kama watu wanaomngoja mwenye nyumba.

Ndayiragije alikuja karibu, akainamisha kichwa. Alikuwa kijana mwenye haya.

"Pole mama. Wanauliza yule bibi wa kwenye foto yuko wapi."

"Ni mimi."

Aliwatafsiria. Mama wa Kizungu alitoa simu, akatazama kioo, akamtazama Ntirampeba, akatazama tena kioo, na uso wake ukaonyesha kitu kidogo sana ambacho Esteri hakukisahau: ulikuwa uso wa mtu aliyeuziwa bidhaa isiyolingana na tangazo. Wakanong'onezana. Ndayiragije akageuka, na safari hii hakumtazama mtu.

"Wanaomba, kama si usumbufu, uvae kama kwenye foto. Kuna watu kanisani kwao walichanga. Wanataka waonyeshwe kwamba umepata."

Ntirampeba akauliza ni nani aliyewaelekeza kwake. Kijana akasema ni mwalimu mmoja, Godson, ndiye ameandika.

"Mama, usivae," alisema Esteri. Alimshika mkono. "Mama, nakuomba. Ni uongo wote. Acha niwaambie."

"Mwana wanje, mukwe amekwisha kusema mbele ya wageni," mama yake alimjibu kwa sauti ya chini. "Mimi nikikataa, mwongo atakuwa nani?"

Akaingia ndani. Bi Kuruthumu alikuwa amesimama kwenye ua na wenzake wawili wa kikundi, mikono imefumbatwa. Asali kwenye kisahani haikuguswa na mtu, na inzi wakaanza kuizunguka. Ntirampeba alitoka peku, katika kitenge kile kilichopasuka, akaketi vumbini bila kuelekezwa mahali, akainamisha macho. Wakamwomba aweke mkono juu ya gunia, akauweka. Wazungu wakachuchumaa huku na huku, dereva akapiga picha, kisha akapiga nyingine kwa sababu ya kwanza jua liliingia.

Esteri alienda nyuma ya nyumba akatapika. Hakuwachukia wale wazee; walitoka mbali kwa nia njema, wakachukua walichotangaziwa. Kilichomchafua roho ni kwamba mtu aliyekaa na tarakilishi sebuleni, miguu juu ya meza, alikuwa amechagua kwa kidole namna mama yake atakavyokaa chini.

Gari lilipokuwa likiwashwa, Ntirampeba alimwita Ndayiragije akamwambia arudishe gunia na mitumba garini. Ampelekee mtu wa kambini ambaye bado analala chini ya turubai, wako wengi, atawajua yeye. Mwenyewe alikuwa na mahindi. Kijana alimshukuru, "urakoze, mama", na kubeba haraka, kama mtu aliyesamehewa. Kisha mama akakaa kwenye kigoda, akamwuliza bintiye kama mukwe hajambo.

*

Esteri alirudi Kasulu akamkuta Godson mezani, laptopu iko wazi. Alikuwa na furaha. Wageni walikwisha kumwandikia, wameridhika, na sasa programu ile inampa nafasi ya kuweka uso wa pili kwenye ukurasa, maana ukurasa wenye nyuso mbili unachangiwa zaidi. Alikuwa anawaza ni mama gani mwingine wa pale Makere angefaa.

Esteri hakupiga kelele. Alichukua kamera juu ya kabati, akamwekea mkononi. Akavua viatu na kilemba, akaketi sakafuni mbele ya kochi jipya, nywele hazijachanwa, gauni lina madoa ya matapishi.

"Nipige mimi," alisema. "Niweke mimi. Andika mke wa mwalimu Godson, hana chakula, hana ndugu."

Godson alidhani anatania, akacheka. Alipoona mkewe hacheki, akamwambia ainuke, Obedi asije akamkuta vile. Esteri hakuinuka. Alisema asipopiga, atajipiga mwenyewe kwa mashine ya picha za paspoti, aitoe kwa rangi, kubwa, aibandike mlangoni pa steshenari, wanafunzi wake na walimu wenzake waisome wakipita stendi. Na nyingine ataituma Moshi. Anwani ya mama mzazi wa Godson anayo.

Godson aliweka kamera chini polepole. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtu anayefanya hesabu.

"Unajua mkuu wa shule akiona? Unajua kwetu watasemaje?" Aliutazama mlango. "Esteri, mimi nina jina."

"Na yule anaitwa Ntirampeba."

Labda Godson hakusikia. Aliivuta laptopu, akaandika paswedi kwa vidole viwili, akabonyeza mahali, akabonyeza tena programu ilipomwuliza kama ana uhakika. Picha ya mama iliganda kidogo kwa sababu ya mtandao, kisha ikatoka, kikabaki kioo cheupe. Alimgeuzia mkewe aone.

Esteri aliona. Kesho Bi Kuruthumu angemfuata mama yake kama alivyoahidi, asali ingepanda mzani. Lile alilolilia usiku na mchana lilikuwa limefanyika, na halikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Machozi ya mkewe hayakuliweza, wala mama aliyekalishwa vumbini mara mbili. Limewezwa na hofu ya kwamba huenda mwalimu Godson naye akaonwa. Esteri alikaa pale sakafuni, akamtazama mume wake akifunga laptopu, na kinyaa kikampanda, kizito, kisicho na pa kutokea.

Godson alijinyoosha, akapiga mwayo. Akauliza kama chakula kimeiva.